Uzi Usiokatika

Nanyokie aliupiga uzi kwa sime tena, na sime ndiyo iliyopata pengo. Uzi wenyewe, mwembamba kama wa buibui, haukupata hata mkwaruzo.

Wataalamu waliojenga uzio ule mpya karibu na Ololosokwan walisema uzi wake hufuata joto la mwili, ili mnyama akiugusa asitoroke. Mtu akiugusa itakuwaje, hawakusema. Mumewe aliugusa alipokuwa akimrudisha ndama. Asubuhi ulimkamata kifundoni. Sasa ulikuwa umezama nyamani chini ya goti, na ulizidi kupanda. Kote ulikopita, ngozi ilikuwa nyeusi na baridi kama jiwe.

"Achana na uzi, Nanyokie," mumewe alisema. "Huo haukatiki."

"Wanaojua kuufungua wametoka Wasso. Wako njiani."

"Wasso ni mbali. Uzi utafika tumboni kabla yao."

Akavua mkanda wake wa ngozi, akampa. Nanyokie akaufunga pajani, akaukaza kwa nguvu zake zote. Kisha akamtia mumewe pindo la shuka mdomoni, akashika sime kwa mikono miwili.

"Tazama ng'ombe," alimwambia.

Mumewe akageuza uso.