Pedi ya Pili

Si zamani sana, maana umeme ulikuwa umeshafika msituni, Ngedere alikuwa na mashine nyeusi ya gemu na Nungunungu alikuwa na nyeupe. Kila walipokutana, Ngedere alianza: "Hiyo yako ni ya watoto!" Wakabishana mpaka wakasahau kucheza kwenyewe.

Siku moja Nungunungu akachoka. "Haya, ndugu yangu, umeshinda. Yako ndiyo kiboko." Akaenda zake.

Ngedere akarudi kwake akichekelea, akawasha mashine. Mechi ikataka wachezaji wawili. Akaitazama pedi ya pili, ile ya kushikwa na mchezaji mwenzake. Tangu ainunue, ilikuwa haijatoka kwenye nailoni.

Akazima mashine, akaenda kwa Nungunungu kupiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi. Nimekuja unifunge mabao kwenye hiyo nyeupe yako."