Kura ya Kuifuta Kata

"Inua mkono, bibi, tuifute kata hii!" alifoka Torvald. "Wenzetu wote wamehamia mjini Bismarck. Tumebaki wawili, na mimi ndiye mwenyekiti, mimi mwekahazina, mimi wa kuondoa theluji barabarani. Nimechoka!"

Tulikuwa katika shule kuukuu waliyoijenga babu zetu hapa uwandani. Wamelala makaburini nyuma yake, na kata ikifutwa hakuna atakayewafyekea nyasi.

Glavu zake zilidondosha maji sakafuni.

"Njia ya kwangu umeisafisha leo?" nikamuuliza.

"Alfajiri. Ungefikaje?"

"Na ulijua nakuja kukupinga?"

"Nani asiyejua? Kichwa chako kigumu kama udongo ulioganda wa Januari. Haya, mkono!"

Mkono wangu ukafungua chupa ya chai niliyokuja nayo, ukammiminia kahawa.

Torvald akaguna, akavua glavu.

"Sukari je?"