Firigisi ya Naliaka

Jogoo alifugwa nyuma ya jiko tangu Rael alipoolewa, achinjwe siku atakapozaa mvulana. Akazaliwa Naliaka, jogoo akaachwa. Sasa ni mzee, anachechemea, na leo kipimo cha hospitali kimeonyesha msichana tena.

Mama mkwe aliweka chupa ya dawa mezani. "Kunywa kabla watu hawajajua una mimba. Utabeba nyingine."

"Chupa kama hii uliniletea nikiwa na mimba ya Naliaka. Nikaimwaga kwenye migomba."

Mlangoni, Naliaka aliacha kufagia.

"Nimechoka, mama! Nimechoka na chupa zako, nimechoka na huyu jogoo wako!" Rael akachukua kisu, akatoka.

Nyama ilichemka mchana kutwa na bado ilikuwa ngumu. Rael alichovya mwiko, akaitoa firigisi, kipande ambacho katika nyumba ile huliwa na wanaume tu, akaiweka kwenye sahani ya binti yake.

"Kula."

Naliaka aliitazama chupa, iliyokuwa bado mezani. Kisha akaitia firigisi mdomoni, akaanza kutafuna taratibu, akiwa amemkazia macho bibi yake.