Thamani ya Vitabu vya Mkwe

Kabla wino haujakauka, Marta aliifunika kwa kiganja ile "shilingi 40" iliyoandikwa daftarini.

"Shemeji," alisema, "unampa mkwe wako bei ya maboga?"

Fanueli, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili ndiye aliyezitajia bei sadaka za mazao pale uani: jogoo huyu, kapu lile la viazi. Kwa hiyo mwaka ule wa hamsini na tano, maktaba mpya ya Mbeya ilipopewa vitabu na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akataka kila zawadi iandikwe thamani yake, hakutafutwa mtu mwingine. Fanueli alikipima kila kitabu kwa shubiri, akakinyanyua, akakinusa. Kufungua hakufungua. Zawadi haipekuliwi.

Vilikuwa vitabu kumi na vinane, vimevalishwa karatasi ya kaki kama vya shule. Aliyevitoa ni Liberatus wa Kihesa, Iringa, mchumba wa Tusekile, binti pekee wa Marta.

Mwenye binti na atege sikio. Mchumba mwingine alikuwapo: Anania, kijana wa hapo hapo mlimani, mwenye ng'ombe wanne wa kuonekana kwa macho na viatu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona. Liberatus alikuwa na tai, na kalamu tatu mfukoni.

Siku alipopiga hodi mara ya kwanza, Marta alikuwa jikoni akihesabu siku za mtetea wake mwekundu, aliyeatamia kwenye kasha la marehemu pale kwenye kona. Siku ya kuanza alikwisha kuiandika kwa mkaa, kwenye karatasi ya humo humo kashani, asije akasahau. Alisoma mpaka darasa la pili na hakupenda elimu ioze. Kasha lenyewe lilitoka Chunya, machimboni, ambako marehemu alimpikia Mzungu mmoja. Wenzake walirudi na dhahabu; yeye alirudi na takataka za Mzungu.

Liberatus hakuona kinyaa. Vifaranga walipoanguliwa, alivua koti, akalibeba kasha lile na utitiri wake wote, akaenda kulitupa mbali, na aliporudi hakutaka hata kikombe cha togwa. Alisema, mahali anapopikia mama yake hapafai kulala wadudu. Marta alifuta machozi. Anania, miaka yote ile, alikuwa amembebea nini?

Kuhusu mahari, kijana alisema ukweli: ng'ombe hana. Mali yake ni vitabu, na vyote ameviacha maktaba kwa faida ya watu. Ila atapewa cheti chenye muhuri, kinachotaja thamani yake. Ng'ombe hufa kwa homa, alisema, cheti hakifi. Apokelewe kwanza na mbuzi wawili na hicho cheti, mengine yatafuata. Fanueli, ambaye ndiye wa kupokea mahari, alikuna kichwa. Marta ndiye aliyemjibia: mtu anayegawa mali namna hiyo atashindwaje kumlisha mke?

Ndiyo maana bei ile ilimuuma. Ng'ombe wa Anania, wote wanne, mnadani ni shilingi mia nne. Cheti kikitaja arobaini, atawaambia nini wanawake wa kisimani?

"Vinanuka moshi," Fanueli alijitetea.

"Kijana amesomea kibatari, shemeji. Hiyo ndiyo harufu ya elimu."

"Basi mia."

"Mia? Hicho kinene tu, mkono wako unatetemeka kukishika."

Walishindana mpaka chai ikapoa. Jioni, cheti kilisema mia tano, na kitabu kinene peke yake mia mbili. Anania alisikia, akawaswaga ng'ombe wake kurudi malishoni.

Ndoa ilifungwa Jumamosi. Jumatatu, basi la Iringa liliwachukua maharusi. Liberatus hakuweza kungoja ufunguzi wa maktaba, kazi zilimwita. Tusekile alilia dirishani. Marta alimwambia anyamaze, wangapi wanaolewa na mtu mwenye muhuri?

Siku ya ufunguzi alikalishwa mbele, viti viwili tu kutoka kwa Bwana Shauri. Fanueli alikitoa kitabu kinene kwenye kabati la kioo, akakivua kaki yake, akatangaza kwamba mama mkwe wa mfadhili atawasomea maneno ya kwanza.

Marta alikipokea. Je, kikiwa Kiingereza? Alifungua jalada kwa vidole viwili. Mungu si Athumani: kilikuwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa, nyeusi, mistari miwili tu. Akasimama wima, akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya kanisani:

"Mtetea mwekundu kaanza kuatamia Jumatatu. Mayai kumi na moja."