Uzi Uliojikunja

Vidole vyangu ndivyo vilivyoshtuka kwanza. Uzi wa sufu niliopewa leo ulikuwa umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa, na mimi fundi cherehani mstaafu sihitaji kuambiwa: uzi mpya hunyooka.

Nikauvuta harakaharaka hadi kwenye kifundo nilichokifunga kwa mkono wangu. Kumbe ni uzi wa ile skafu niliyomfumia mjukuu wangu, niliyohakikishiwa kwamba ameshatumiwa!

Nikamwita mlezi anayetufundisha kufuma hapa nyumba ya wazee. "Mwanangu, kazi zetu unazifumua?"

Akaniinamia. "Bibi, taratibu, wenzako watasikia. Uzi mwingine hatuna. Mkikosa cha kufuma, mtashindaje?"

Jirani yangu akaniinulia skafu yake, uso unamng'aa. "Ya tatu hii ya kitukuu changu. Mbili za kwanza naambiwa zimempendeza kweli!"

Nikaokota sindano zangu za kufumia.

Nikafuma. Kengele ya chakula ikalia, sikuinuka. Jioni nikakaza kifundo cha mwisho, nikakata uzi kwa meno, nikajizungushia skafu shingoni.

Mlezi akaja na kikapu chake cha kukusanyia kazi zetu.

"Haya, mwanangu," nikamwambia. "Fumua."