Kopo la Mwisho

Mwandoe alilichomoa kopo kutoka nyuma ya jiwe la ukuta wa kisima. Miaka mitatu alikuwa amezunguka kila kaunti katika mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa na wachezaji wenzake, na katika kila moja alitia jina lake kwenye kijitabu kilichomo. Bila jina, kopo halihesabiki. La mjini kwao alikuwa amelibakiza makusudi, liwe la kumalizia.

Alifungua kijitabu. Kila mstari ulikuwa na jina lilelile, la mama yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe: Mkawasi, Ijumaa. Mkawasi, Ijumaa.

"Ulimwambia utamalizia hapa," alisema Mama Mghoi, jirani yao, akiendelea kuteka maji. "Basi akawa anakuja kukungoja. Tulimzika mwezi wa pili, Mwandoe. Tulikupigia simu mpaka tukachoka."

"Kule milimani hakukuwa na mtandao, Mama Mghoi."

Alipekua kurasa hadi ya mwisho. Hapakuwa na nafasi hata ya kidole. Akaigeuza penseli iliyokuwa ndani ya kopo upande wa raba, akaipuliza vumbi, akaanza kufuta Ijumaa ya mwisho.