Rafaeli Anaomba Radhi

Rafaeli aliteremshwa kwenye lori kama gunia la ulezi, kichwa kimefungwa bendeji toka paji la uso hadi puani. Baruti ilikuwa imemlipukia machoni huko machimbo ya dhahabu ya Lupa.

"Luciana?" aliita.

Hakujibiwa. Mkono wa mwanamke ulimshika, ukamwingiza ndani. Muhidin, dereva aliyembeba toka Mbeya, aliguna, akawasha lori lake na kwenda zake mjini Sumbawanga.

Rafaeli hakushangaa kunyamaziwa. Mwaka 1931 alimuaga mkewe hapa hapa Milanzi, akasema anakwenda kutafuta kazi na atarudi baada ya miezi sita. Sasa ulikuwa mwaka 1938, na katika muda wote huo hakuwahi kutuma hata salamu.

Kila asubuhi alilishwa uji, akapanguswa uso pembeni mwa bendeji, akatandikiwa upya. Neno, hakuna. Viganja vilivyomhudumia vilikuwa vigumu kuliko alivyovikumbuka. Miaka saba ya kulima peke yake, aliwaza, na aibu ikamshika. Majirani nao walikuja kumpa pole, lakini hawakukaa. Wengine aliwasikia wakibanwa na kicheko mlangoni.

Wiki ya pili aliamua kusema yeye.

"Nilikuwa na mwanamke kule Lupa," alikiri. "Aliniacha siku niliyoumia."

Kijiko kiliishia njiani. Siku hiyo hakupata uji mwingine mpaka jua linazama.

Wiki ya tatu akatafuta wa kugawana naye lawama. "Lakini Luciana, mama yako naye alichangia. Bertilla yule ana ulimi kama wembe! Na upishi wake, Mungu anisamehe, hata mbwa wetu alikuwa anaufukia."

Bakuli likawekwa chini kwa kishindo. Hatua zikatoka mbio, na huko nje mtu akakohoa, akakohoa tena, kwa muda mrefu sana.

Wiki ya nne aliirudia habari hiyo. "Ila mama yako alisema kweli. Aliniambia mimi ni mwanamume wa maneno matupu. Kama mila ingeruhusu mtu kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake, ningempigia magoti. Macho yangu yakipona, nitalima shamba lake kabla ya letu. Yasipopona, nitalilima kwa kupapasa."

Safari hiyo mkono ule mgumu ulimgusa bega, ukatulia hapo kitambo.

Wiki ya tano alikuja Flavian, dresa wa misheni aliyetibu vidonda, na mkasi wake. Alikata bendeji taratibu, akaikunjua mzunguko mmoja mmoja.

"Fungua kidogo kidogo," alisema. "Usiwe na pupa."

Kwanza Rafaeli aliona weupe mtupu. Kisha paa la nyasi. Kisha mtu aliyeketi kwenye kigoda kando ya kitanda, bakuli la uji mapajani, akimtazama usoni bila kupepesa.

Rafaeli alivuta blanketi mpaka utosini.

"Umechelewa kunionea haya, mkwe," alisema Bertilla. "Luciana yuko Kasanga kwa dada yake, hata hajui kama umerudi. Jana ndipo nimemtumia habari aje."